Mtungi wa Kereng'ende

Nyuma ya duka la Mahendra palikuwa na kidimbwi kisicho na kazi. Hakuna aliyefulia humo, hakuna mbuzi aliyenyweshwa humo, na samaki wake hawakufika hata ukubwa wa kidole cha mtoto. Mahendra alikichimba mwaka ule walipohamia Morogoro kutoka Bagamoyo, kwa sababu mkewe, Hansa, alilia wiki nzima kwamba mji huu umekaa mbali mno na maji. Mume mwingine angemwambia nyamaza, utazoea. Mahendra alichukua jembe. Majirani walicheka, wakasema Baniani anachimba kaburi la tembo, naye, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akaendelea kuchimba mpaka shimo likamfika kiunoni. Hansa akapanda yungiyungi katikati na matete pembeni, akaacha kulia.

Nyumbani kwa Hansa maji hayakunywewa kabla ya kuchujwa. Alifundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake. Kila asubuhi aliteka ndoo kisimani, akatandika kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili juu ya mdomo wa mtungi, akamimina polepole. Vilivyobaki juu ya kitambaa, vile vidudu vyembamba kama uzi vinavyojikunja na kujikunjua, hakuvikung'uta chini vikafa. Kuua ni kuua, hata kama anayekufa hana jina. Alikigeuza kitambaa juu ya kidimbwi, akakimwagia maji kidogo kwa nyuma, na viluwiluwi wakaporomoka wakaenda zao.

Na kidimbwini walitoka kereng'ende. Walitoka wekundu, wa buluu, na wale wa rangi ya sufuria ya shaba. Asubuhi ungewakuta wameshika matete, mbawa bado mbichi, na kando ya kila mmoja ganda tupu lililopasuka mgongoni. Hansa aliyatazama mambo haya miaka minne. Wadogo wanaingia, kereng'ende wanatoka. Hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia. Viluwiluwi ni watoto wa kereng'ende, na yeye Hansa ndiye mlezi wao. Usimcheke. Mimi na wewe tunajua tofauti kwa sababu tuliambiwa. Yeye aliambiwa na macho yake mwenyewe, na macho hayo hayakuwahi kumdanganya katika jambo lolote kubwa.

Jambo moja alikuwa na haki kabisa ya kulisema: uani kwake hapakuwa na mbu. Mji mzima ulijipiga makofi jioni, shingoni, mashavuni, kwenye vifundo vya miguu. Kwa Hansa watu walikaa wakanywa chai, na juu ya vichwa vyao kereng'ende wakapita huku na huku kama wenye haraka.

Miongoni mwa waliokaa hapo alikuwa Felista, Mluguru wa juu kabisa, chini ya kilele cha Bondwa, pale mawingu yanapolala. Jumanne na Ijumaa aliteremka na kabichi na viazi mviringo vya mbegu ya mapadri, binti yake wa miaka sita, Furaha, akimfuata na kikapu cha vitunguu vya majani. Mlango wao wa mwisho ulikuwa wa Hansa. Felista alipewa chai ya maziwa, na Furaha akaenda kulala kifudifudi kwenye ukingo wa kidimbwi, pua karibu iguse maji. Hansa hakuwa na mtoto. Alipata mimba mbili, zote Bagamoyo, zote zikaharibika, na tangu hapo jambo hilo halikutajwa nyumbani. Lakini Jumanne na Ijumaa alivaa bangili zake.

Mwaka huo, wa nne tangu gari moshi lianze kufika Morogoro, Felista alikuwa na mimba ya miezi minane, na mumewe alikuwa mbali, kwenye kazi ya reli iliyokuwa ikisogezwa kuelekea Tabora. Masika yalikuwa yanakuja, na njia ya mlimani ikilowa huwa sabuni. Hansa ndiye aliyelianza.

"Mama Furaha, niachie mtoto. Ujifungue kwa utulivu, mvua zikikatika uje umchukue."

Felista aliweka kikombe chini. "Mama, ningependa. Lakini kwetu mtoto halali bondeni. Sisi tunateremka jua limetoka, tunapanda kabla halijazama. Watu wa huku wanaugua homa wanapona. Wa kwetu hawaponi."

"Yule mtu wa boma anayepita akichungulia mitungi anasema homa hiyo inaletwa na mbu. Wewe umewahi kuumwa na mbu hapa kwangu?"

Felista alifikiri kwa uaminifu, akatikisa kichwa. Hajawahi.

"Basi."

"Basi, mama, lakini si langu kuamua. Mtoto ana mjomba wake."

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Alhamisi mjomba akaja. Aliitwa Fransisko, mtu mrefu, rozari shingoni, na alisalimia kwa adabu. Alikunja suruali mpaka magotini, akaketi kwenye ukingo wa kidimbwi, mikono wazi, tangu alasiri. Hansa alikaa mlangoni mwa jiko moyo ukimdunda kama mwali anayekaguliwa na wakwe. Jua likashuka, kereng'ende wakawinda juu ya kichwa cha mgeni, adhana ya magharibi ikasikika. Fransisko akasimama, akajitazama miguu mbele na nyuma, akajitazama mikono.

"Sikuumwa," alisema, kana kwamba amekosewa adabu.

Halafu akamgeukia Hansa. "Mama, nakuachia. Lakini nakuachia kwa sababu ya hawa wadudu wako. Siku wakiondoka, nitumie neno siku hiyo hiyo, nije nimchukue mwanangu."

"Nitakutumia."

"Siku hiyo hiyo."

"Siku hiyo hiyo," alisema Hansa, na wakati huo alisema kweli tupu. Fransisko akapanda kwenda kulala misheni, kwa maana yeye mwenyewe, hata baada ya hayo yote, hakutaka kulala bondeni.

Furaha aliingia katika nyumba ile kama mtu anayerudi. Siku ya tatu alikuwa anamwita Hansa Ba, kama watoto wa Kihindi wanavyomwita mama, na Hansa alipolisikia mara ya kwanza aliingia ndani akafunga mlango kwa muda. Mtoto alijifunza kuchuja maji. Alikigeuza kitambaa juu ya kidimbwi kwa mikono miwili, ulimi umetoka nje, na kila kiluwiluwi kilichoshika kwenye uzi alikirai kwa jina mpaka kikateremka. Kuna aliyeitwa Padri kwa sababu alikuwa mweusi, na kuna aliyeitwa Mzee Mahendra kwa sababu hakupenda kusogea. Mahendra alipoambiwa alicheka mpaka akashika meza, naye kucheka kwake kulikuwa kwa mwezi mara moja. Tangu hapo kila adhuhuri alitoka dukani akaja uani kupewa habari za majini.

Habari kutoka mlimani zililetwa na wanawake wa mboga. Felista amejifungua mtoto wa kiume. Ni salama. Mvua ni kubwa. Anasema asante.

Siku nane baada ya habari hiyo, amri ikaja.

Aliyeileta alikuwa Mikidadi, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Mbu. Alizaliwa Bagamoyo kama Hansa, akafundishwa kazi Dar es Salaam na daktari wa Kidachi, yaani Mjerumani, na sasa alizunguka Morogoro na kofia ya serikali na kata yenye mpini mrefu, akichota maji ya watu na kuyatazama. "Bwana Mbu, umemfunga nani leo?" watoto walimpigia kelele. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye karatasi, na karatasi ilisema maji yote yaliyosimama mjini yafukiwe kabla ya Jumamosi, na mwenye kukaidi duka lake litafungwa.

"Chota," Hansa alimwambia. "Chota mwenyewe, Bwana Mikidadi, kisha uniambie nina mbu."

Mikidadi alichota kando ya matete. Akachota katikati. Akachota pale penye kivuli, akaigeuzageuza kata juani, akakuna kisogo.

"Ni kweli, bibi. Humu hamna kitu. Sijaona maji masafi hivi mji mzima."

"Basi."

"Lakini amri haikusema maji yenye viluwiluwi. Imesema maji yaliyosimama. Na haya," alisema kwa huzuni, "yamesimama."

Hata hivyo alikwenda bomani kumsemea, na alirudi masikio yamemwiva kwa karipio. Asubuhi ya pili wakaja wafungwa wa mnyororo na makapu ya udongo. Kwanza walimwaga mafuta ya taa, madebe mawili, na madebe yenyewe yalichukuliwa dukani kwa Mahendra. Mafuta yakatanda rangi rangi juu ya maji, yakapendeza. Kereng'ende walishuka kuchovya mikia yao kama walivyozoea, wakanata. Wengine waliokuwa chini walijaribu kupanda matete, wakafika nusu ya njia, wakaishia hapo. Kisha udongo. Kufika adhuhuri pale palipokuwa na kidimbwi palikuwa na kiraka chekundu cha ardhi, kimepigwapigwa kwa makoleo, na Furaha alikuwa amelia mpaka akashikwa na kwikwi.

Ahadi ni deni, na deni la Hansa lilikuwa la kulipwa siku ile. Lilikuwa neno moja tu. Wanawake watatu wa mlimani walipita mlangoni na kabichi zao kabla jua halijageuka, na Hansa akawakaribisha maji. Aliwauliza hali ya mtoto mchanga. Aliwauliza hali ya mvua, na hali ya njia, na hali ya viazi. Wakamjibu, wakamuaga, wakaenda. Furaha alikuwa amelala ndani, macho yamevimba.

Nitasema alichokiwaza, maana hakuwa mwanamke mwovu. Aliwaza kwamba Felista hajafikisha hata mwezi tangu ajifungue. Aliwaza kwamba njia ni mbaya. Aliwaza kwamba kisima bado kipo, kwa sababu mbao za kukifunika zilikuwa zinasubiriwa kutoka Dar es Salaam, na kisimani bado mna viluwiluwi, na viluwiluwi ni kereng'ende wa kesho. Akiwalea, baada ya wiki mbili kereng'ende watarudi, na kereng'ende wakirudi hakutakuwa na neno la kutuma. Na chini ya mawazo hayo yote lilikuwapo lile ambalo hakuliwaza kwa maneno: mtoto akiondoka, nani ataniita Ba?

Alitafuta mtungi mkubwa uliobanduka mdomo, akauweka nje chini ya dirisha la chumba cha Furaha, kwenye kivuli cha migomba, ili maji yasipate moto. Asubuhi wakachuja maji pamoja, wakakigeuza kitambaa mtungini.

"Hapa ndipo watakapokaa, Ba?"

"Mpaka wakue."

"Watakula nini?"

Hansa hakuwa amelifikiria hilo. Furaha akakimbia jikoni, akarudi na unga kwenye ncha za vidole, akaunyunyiza juu ya maji kama mtu anayetia chumvi. Viluwiluwi wakapanda wakausogelea. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake, kabla hajanawa uso, kabla hajanywa chai. Aliwaamkia kwanza. Na walinawiri, usifanye mchezo. Walinenepa, wengine wakalala bapa juu ya maji wakiota kivuli, na kila baada ya siku chache wale wakubwa walikuwa hawapo tena.

"Wameruka!" Furaha alisema. "Tumelala, wao wameruka."

Kereng'ende mmoja mwekundu, aliyetoka mtoni huko kwa mambo yake, alikuja kutua kwenye kamba ya nguo. Furaha alimpigia makofi. "Huyu ni Padri," alimwambia Mahendra. "Amerudi kutusalimu." Na Hansa akaamini, kwa kuwa alitaka kuamini, na kuamini unachokitaka hakuhitaji nguvu nyingi.

Mikidadi alipopita tena na kata yake, Hansa alimwona tangu mbali. Alifunika mtungi kwa kapu, na Furaha bila kuambiwa akapanda juu ya kapu akaketi, akaanza kusuka majani ya mgomba. Mikidadi alikagua ndoo, akakagua kisima, akamsalimu mtoto. Furaha akamwamkia shikamoo kwa sauti ya malaika. Alipotokomea, mama na mtoto walishikana wakacheka mpaka wakakaa chini. Hansa hakuwahi kucheka hivyo tangu Bagamoyo.

Wiki hiyo hiyo mbu wakaanza kuimba chumbani.

"Umeona?" Hansa alimwambia mumewe kwa uchungu. "Umeona kazi ya boma? Wamefukia kidimbwi, sasa mbu wanajaa ndani." Na asubuhi akaongeza maji mtungini, akamwambia Furaha aongeze unga, kereng'ende wakue haraka. Jioni alimfunika mtoto kwa sari yake nyepesi, na kila alipoingia kumtazama alimkuta ameitupa kwa joto, mikono wazi, miguu wazi, amelala chini ya dirisha kama alivyolala siku zote.

Homa ilianza Jumapili. Jumatatu asubuhi Furaha alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na Hansa, ambaye alikuwa amekaa wiki tano bila kutuma neno, alituma watu wawili kwa njia mbili. Mikidadi mwenyewe ndiye aliyeleta kwinini kutoka bomani, akaisaga, akaikoroga na asali. Mtoto aliitapika. Wakamnywesha tena, akatapika tena. Mahendra alifunga duka mchana kweupe, akakaa sakafuni karibu na kitanda, na mara moja alisema, "Niambie habari za majini," lakini Furaha hakuwa na nguvu ya kumjibu.

Felista aliingia Jumanne mvua ikinyesha, mtoto mchanga mgongoni, matope mpaka mapajani. Fransisko alikuwa nyuma yake. Hakuna aliyelaumu mtu saa ile. Felista alimpakata binti yake siku nzima na siku mbili zilizofuata, akimkanda kwa kitambaa cha maji, kile kile cha kuchujia. Ijumaa, kama saa nne asubuhi, mvua ilikatika kidogo. Furaha alifumbua macho akamtafuta Hansa.

"Ba," alisema. "Wamekula?"

"Wamekula, mwanangu."

Huo ulikuwa uongo, maana tangu Jumapili hakuna aliyewakumbuka. Hansa alitoka akaenda jikoni, akachota unga, akaunyunyiza mtungini, ili mtoto asife na maneno ya uongo masikioni. Aliporudi, Felista alikuwa ameshaanza kulia.

Fransisko alitoka nje kuvuta pumzi. Alisimama mbele ya kile kiraka chekundu. Nyasi zilikuwa zimeshaota juu yake, kijani, za urefu wa kiganja. Hansa alimfuata kwa sababu hakuna pa kujificha.

"Tangu lini?" Fransisko aliuliza.

"Wiki ya sita hii."

Fransisko hakupaza sauti, hakumtukana, na ingekuwa nafuu kama angemtukana. Aliingia ndani, akamfunga mtoto katika shuka, akamweka begani, akaanza kupanda mlima. Felista akamfuata bila kuaga.

Mahendra alitaka kufungua duka siku ya tatu, hakuweza. Alifungua siku ya sita. Hansa hakuwa na anachokifungua. Alichuja maji, akapeleka viluwiluwi mtungini, akawapa unga. Ndicho kitu pekee alichoachiwa na mtoto, kazi ndogo ya asubuhi, naye aliifanya kama sala.

Hapo ndipo Mikidadi alipomkuta. Alikuja bila kofia, kuhani msiba, akakaa kwenye kiti uani, akasema maneno yanayosemwa. Kisha jicho lake, kwa mazoea tu, likaenda chini ya dirisha.

"Bibi, ule mtungi ni wa nini?"

Hansa hakuona tena sababu ya kuficha. "Wa Furaha. Ndimo alimolea kereng'ende wake. Wengi wameruka. Hawa ni wadogo zao."

Mikidadi alisimama, akauendea, akainama. Alikaa ameinama kiasi cha kuifanya chai yake ipoe. Alipoinuka hakumtazama Hansa usoni.

"Nani alikwambia hawa ni kereng'ende?"

"Nimeona mwenyewe. Miaka minne. Wanaingia majini, wanatoka kereng'ende."

Mtu wa boma angeweza kusema: hao wa kidimbwini waliliwa, bibi, watoto wa kereng'ende hukaa chini matopeni na kazi yao ni kuwala hawa. Angeweza kusema: hawa wanaolala bapa juu ya maji ndio wenye homa. Alikuwa na maneno hayo yote, alifundishwa, akayahubiri nyumba kwa nyumba mpaka watu wakamcheka. Aliomba chupa tupu. Akachota maji ya mtungi na viluwiluwi kama kumi, akafunga mdomo wa chupa kwa kipande cha bafta, kitambaa chembamba cheupe, na uzi, akaiweka dirishani.

"Siwezi kukwambia, bibi. Tazama mwenyewe. Siku tatu, nne." Akachukua kata yake. "Nikirudi Jumatatu ijayo nisiukute mtungi huo. Na leo sikuuona."

Hansa alitazama. Siku ya kwanza walijikunja kama kawaida. Siku ya pili wengine walivimba kichwa. Siku ya nne, Ijumaa, alipoamka na kuiendea chupa, juu ya maji palielea maganda matupu, na chini ya bafta, wamesimama kwenye kioo matako juu, walikuwapo mbu saba.

Alikaa kitandani kwa Furaha, chupa mkononi, na akawasikia wanavyoimba humo ndani, kwa sauti ndogo, sauti ile ile.

"Hodi," mtu alisema uani.

Alikuwa Felista, na mtoto mchanga mgongoni. Hakuwa na mboga. Alikaa pale pale alipozoea kukaa, juu ya kigoda, na Hansa alitoka akaketi mbele yake na chupa imefichwa katika mkunjo wa sari.

"Kaka yangu hataki nikanyage hapa," Felista alisema. "Nimekuja. Mama, nilikuwa na hasira nawe, na bado ninayo. Ulitakiwa useme. Lakini siku zile za mwisho za mwanangu akiwa mzima, wewe ndiye uliyeziona. Mimi sina hata moja. Nimekuja unipe moja."

Hansa akampa. Alimweleza jinsi Furaha alivyosuka majani ya mgomba juu ya kapu, akamwambia shikamoo ya sauti ya malaika, akamwambia Padri na Mzee Mahendra. Felista alicheka na kulia pamoja, akijipangusa kwa ncha ya kanga.

"Na alipouliza, wamekula? Ni nani hao?"

Hansa alinyoosha mkono kuonyesha chini ya dirisha. Felista aliinuka, akauinamia mtungi, akaingiza kidole majini. Viluwiluwi wakakimbilia chini, wakapanda tena.

"Hawa ndio kereng'ende wake?"

Hansa aliikaza chupa ndani ya mkunjo wa sari.

"Nipe huu mtungi, mama. Niupeleke nyumbani na maji yake na watoto wake. Kule hatuna kereng'ende wengi. Mdogo wake akikua nitamwambia, hawa aliwalea dada yako." Na akajipinda kidogo ili mtoto wa mgongoni naye aone.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Angeweza kusema mtungi umepasuka, au boma limekataza, na Felista angepanda mlima na majonzi yale yale aliyoteremka nayo, bila kuongezewa. Lakini mara moja Hansa alikuwa amenyamaza mbele ya wanawake wa mlimani, na alikwishaona kunyamaza kunazaa nini. Alitoa chupa kwenye sari, akaiweka mkononi mwa Felista.

"Hawa walikuwa viluwiluwi wa mtungi huo. Bwana Mikidadi aliwatia humu Jumatatu."

Felista aliiinua chupa kwenye mwanga. Mbu mmoja aliruka akagonga bafta, akatua tena.

"Nilidhani ni watoto wa kereng'ende," Hansa alisema. "Nilidhani watarudi, wamlinde. Niliuweka mtungi chini ya dirisha lake. Mimi, kwa mikono yangu. Si boma. Ni mimi, Mama Furaha."

Mtoto mgongoni alikohoa, akatulia. Duka upande wa pili lilikuwa na wateja, na sauti ya Mahendra ilisikika ikitaja kipimo cha chumvi.

"Na yeye aliwalisha," Felista alisema hatimaye.

"Kila asubuhi."

"Kwa mkono wake."

"Kwa mkono wake."

Felista alimrudishia chupa. Hansa alijua kinachobaki kufanywa, na kwamba hakuna mwingine wa kukifanya. Aliukumbatia mtungi, akauburuta mpaka katikati ya kiraka kile chekundu, juani, akauinamisha. Maji yalitoka kwa kishindo, yakaenea kwenye nyasi, yakazama. Viluwiluwi walibaki juu ya udongo, wengi kuliko alivyodhani, wakijikunja na kujikunjua. Halafu akafungua bafta ya chupa kidogo tu, akamimina mafuta ya taa ndani, akaifunga tena. Katika maisha yake yote hakuwahi kuua kitu kwa makusudi. Wanawake wawili walisimama wakatazama mpaka hakuna kilichosogea.

"Kaka yangu sitamwambia," Felista alisema. "Anajua ya kidimbwi. Hayo yanamtosha." Akakaza mbeleko. Jua lilikuwa bado juu, kulikuwa na muda mwingi wa kupanda, lakini hakuomba chai, wala Hansa hakuthubutu kumkaribisha. "Kaa salama, mama."

Jumanne Hansa hakuvaa bangili. Wanawake wa mlimani walipita barabarani na kabichi zao, na Felista hakuwamo. Aliteka ndoo kisimani, akatandika kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili, akamimina polepole, akasubiri maji yaishe kuteremka. Juu ya kitambaa walibaki viluwiluwi watano. Alikiinua kwa mikono miwili, akageuka nacho upande wa kidimbwi, kama miguu yake ilivyozoea, akasimama. Kisha aligeuka upande wa dirisha. Alisimama nacho uani hivyo, mikono mbele, hana pa kukipeleka, mpaka kikamkaukia mkononi.